Tumbo la Mjane na Ngao ya Ellrieth

Novemba 13, 1593

Dai langu ni hili, nami nitalitetea mbele ya kabaila, mchungaji na yeyote mwenye masikio: ukoo hauzikwi maadamu tumbo la mjane halijafunguka. Anayevunja ngao ya nyumba kabla ya siku hiyo hatangazi kifo. Anaua, na cheo chake hakilibadilishi jina la tendo.

Nimelitanguliza dai kwa sababu jana nililisema kwa mdomo, likachekwa. Maandishi hayachekwi kirahisi hivyo.

Bwana Ernfried von Ellrieth alifariki siku ya Mtakatifu Martin, bata bukini akiwa bado mezani. Yeye ndiye aliyenileta hapa mwezi Agosti, juu ya magari ya ngano, mimi na sanduku la vitabu na shahada ya sheria ambayo wino wake haukuwa umekauka vizuri, ili nimchoree mti wa nasaba juu ya ubao na kupanga nembo za mababu zake kwenye ukuta wa kanisa. Hakuacha mwana wala ndugu wa kiume. Ardhi ya Ellrieth ni ya Bwana wa jimbo. Ukoo huikalia maadamu una mwanamume, na akikosekana hupewa mwingine. Huyo mwingine anajulikana na kila mbwa wa bonde hili: Dietz von Kaltenbrunn, aliyemwoa dada ya marehemu, ambaye naye alikwisha kufa.

Ukoo ukikoma, desturi ya hapa ni kuivunja ngao yake juu ya jeneza na kuvizika vipande pamoja na mtu wa mwisho. Kisha mpiga mbiu hutamka kwamba jina hilo halipo tena. Baada ya hapo hakuna awezaye kulivaa, kuliandika wala kulidai.

Jana, wakati wanapanga mazishi mezani, Bibi Apollonia, mjane, aliweka kijiko chini.

"Shemeji, msivunje kitu. Nina mimba."

Dietz alimtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesema ameona malaika bandani. "Tena, shemeji?"

Meza nzima iliangua kicheko. Nikaelezwa baadaye kwamba mara mbili huko nyuma Bibi alitangaza mimba, tumbo likavimba, kitanda cha mtoto kikateremshwa kutoka darini, na mwishowe hakikutoka chochote. Wakamwita mkunga Kunigund kutoka jikoni. Akabonyeza juu ya gauni kwa muda ule ambao mtu hujaribia mkate kama umeiva.

"Maji hayo, Bwana. Tumbo la maji. Na umri huu alio nao!"

Nilisimama. Nikawaambia kwamba sheria ya Warumi, inayosomwa katika kila chuo kuanzia Bologna hadi Tübingen, humhesabu aliye tumboni kuwa amekwisha kuzaliwa kila haki yake inapohusika, na kwamba wao si madaktari hata waamue kwa kubonyeza gauni.

"Msomi," Dietz akasema, "kaa ule. Chakula kinapoa."

Sikumchukia. Ndiye mtu pekee katika bonde hili aliyewahi kuniazima kitabu. Nilidhani kesho atajibu hoja kwa hoja.

Novemba 14

Wamemzika. Nitaandika yote.

Ngao ya Ellrieth ni ubao wa mti wa lindeni uliofunikwa kwa ngozi, na juu yake ayala mwekundu, yule paa mkubwa wa misituni, katika uwanja wa fedha. Babu yake Bwana Ernfried aliibeba vitani. Leo Dietz aliibeba yeye mwenyewe hadi mbele ya madhabahu, chini juu kama desturi inavyotaka, kwato za ayala zikielekea darini. Akaiweka juu ya jeneza, akachukua nyundo.

Haikuvunjika. Pigo la kwanza liliteleza, la pili likaacha alama. Ngozi ilishikilia. Watu wakaanza kukohoa. Dietz, kwa kuwa nilikuwa karibu, alininong'oneza, "Wagumu hawa babu zako, Msomi." Akaishusha ngao, akaiegemeza kwenye ukingo wa ngazi ya mawe, akaikanyaga kwa buti. Mlio wake ulikuwa kama wa goti linalovunjika.

Bibi Apollonia hakulia. Aliweka viganja vyote viwili tumboni, kimoja huku na kingine kule, jinsi mtu anavyomziba mtoto masikio.

"Leo Ellrieth," mpiga mbiu akatamka, "na kamwe si tena Ellrieth!"

"Napinga!" nikasema.

"Msomi, hii ni nyumba ya Mungu," alisema Mchungaji Sebald.

"Basi muulize mwenye nyumba kama tumbo lile ni tupu."

Wanaume wawili walinishika kwapani wakanitoa. Kofia yangu ilitupwa nyuma yangu ikaangukia matopeni. Kutoka makaburini nilivisikia vipande vikidondoka juu ya jeneza, kimoja kimoja, kisha wimbo.

Novemba 15

Mvua. Hakuna aliyezungumza nami isipokuwa mpishi, naye aliniambia nisogee.

Novemba 23

Dietz amehamia na mbwa wake. Nilitarajia kufukuzwa. Amenituma niendelee na ukuta wa kanisa: "Mababu hao ni wa marehemu mke wangu pia. Wamalizie vizuri. Ukimfikia Ernfried, piga mstari mweusi mzito."

Nilimuuliza kama amesoma hoja yangu niliyomwandikia kwa Kilatini.

"Nimeisoma. Kilatini safi sana. Mbwa mmoja aliitafuna kidogo, naye ana tumbo la maji sasa."

Nikacheka kabla sijajizuia.

Desemba 6

Mvua ya barafu.

Kunigund ameitwa tena, safari hii na Bibi mwenyewe, mbele yangu na mbele ya Mchungaji. Nilimwona mkunga akiweka mkono bila pupa. Kisha nikauona mkono ule ukiruka. Ulirushwa kutoka ndani.

Kunigund aliutazama mkono wake mwenyewe kwa chuki.

"Haya, sema," Bibi akamwambia.

"Bibi, mimi nilisema nilichokihisi siku ile."

"Sikuulizi ya siku ile."

"Yupo," alisema Kunigund, akafunga shali yake na kutoka. Alikwenda moja kwa moja kwa Dietz, si kumwarifu tu, bali kujisafisha. Nimegundua kwamba mtu aliyekosea hadharani humchukia aliyeonewa kwa kosa lake zaidi ya anavyomchukia aliyelifaidi.

Desemba 7

Nilikimbia kwa Dietz na ushindi mkononi, kama mjinga. Alikuwa anamchana mbwa manyoya.

"Nimesikia," alisema. "Nafurahi kwa ajili yake, kweli. Mwanamke hupoa akipata mtoto."

"Basi mazishi yale ni batili."

"Mazishi hayawi batili, Msomi. Umewahi kumwona mtu amefukuliwa kwa sababu ya hoja?" Akapuliza nywele kwenye kitana. "Makabaila wote wa bonde walikuwapo. Ngao imevunjwa, mbiu imepigwa. Nyumba ya Ellrieth imekufa. Atakayezaliwa atazaliwa baada ya ukoo wake kuzikwa. Sasa huyo ni nani? Hilo ndilo swali la kisomi. Lifanyie kazi."

Nimekaa na swali hilo mchana kutwa. Ni swali la mtu mwenye akili, na hilo ndilo linalonitia kinyaa. Angekuwa mpumbavu ningemsamehe.

Desemba 11

Theluji.

Desemba 12

Theluji.

Desemba 20

Nimekuwa nikimdhania Bibi Apollonia kuwa mwanamke mzito wa fikra, anayelalamikia miguu yake na moshi wa jikoni. Leo amenikalisha akaniuliza maswali: nani anaweza kupeleka shauri kwa Bwana wa jimbo, mashahidi wa uzazi wanatakiwa wa namna gani, mvulana akizaliwa amekufa inakuwaje, msichana je. Aliuliza bila kutetemeka, akishona. Nilijibu kwa kirefu. Mwishoni alisema, "Unajua mengi, mwanangu. Kuna lolote katika hayo linalowaka?" Aliinua macho kuelekea chungu cha moto kilichozimika. Kuni za chumba chake zimepunguzwa.

Desemba 24

Mkesha wa Krismasi wamempandisha fundi wa mawe juu ya lango kuu na patasi, akamchonga ayala hadi ukabaki ukuta mtupu. Alianzia kichwani. Watoto wa kijijini waliokota vipande vyekundu wakavitumia kuchorea sakafu ya zizi.

Januari 6, 1594

Sikukuu ya Mamajusi. Dietz alikwenda kuwinda na wenzake, na alasiri akampelekea Bibi zawadi mlangoni kwake: ayala jike, amepasuliwa kifua hadi mkia, na ndani yake, kikiwa kimeachwa mahali pake makusudi, kitoto kisicho na manyoya, macho yamefumba.

Wawindaji walisimama uani wakingoja kumsikia akipiga kelele. Nami, nakiri, nilingoja hivyo hivyo. Nilikuwa nimekwisha tunga nitakachomwambia Dietz kilio hicho kikisikika.

Bibi aliinama kwa shida, akatazama. "Mnono," alisema. Akamwita mpishi. "Hiki kidogo wape mbwa wa shemeji, kinawastahili. Mguu choma. Mengine yatie chumvi, nimepungukiwa nyama tangu Novemba."

Usiku alikula mguu mzima. Nilikaa naye mezani, nikiisukumasukuma nyama sahanini.

"Kula," aliniambia. "Wewe unaona picha kila mahali. Hii ni nyama."

Januari 19

Baridi kali. Wino umeganda.

Februari 2

Ni mvulana.

Amezaliwa asubuhi, sikukuu ya mishumaa, mbele ya mashahidi wanne: Mchungaji na Kunigund, niliowapata kwa kutishia kuwaandika majina katika shauri langu kwa Bwana wa jimbo, na makabaila wawili wa ng'ambo ya mto waliokuja kwa udadisi. Kunigund alimshika miguu juu, akampiga, mtoto akalia. Akampa mama yake. Bibi akasema, "Ernfried," kwa sauti kama anamwita mtu aliyechelewa chakula.

Dietz alikuja amevaa vizuri. Akainama juu ya kitanda, akamtekenya mtoto kidevu.

"Hongera, shemeji. Dume. La nani?"

"La yule uliyekanyaga ngao yake."

"Ukoo huo haupo tena. Nitajie mwingine."

Februari 3

Mchungaji amembatiza. Katika kitabu cha kanisa ameandika jina moja tu, Ernfried, kisha mahali pa jina la nyumba akaacha wazi. Nilimuuliza anasubiri nini. Alisema wino ni mzito kwa baridi. Nilimwonyesha kwamba wino uleule uliandika ukurasa mzima juu yake. Akafunga kitabu.

Februari 12

Makabaila wamekutana katika ukumbi wa chini, kwa kuwa niliwataka wakutane, na kwa kuwa Dietz aliwaahidi divai. Nilipewa nafasi ya kusema. Nanukuu maneno yangu jinsi yalivyokuwa.

Niliwauliza: Mabwana, ngao zenu zina umri gani? Nyuma ya miaka mia nne au mia tano hapakuwa na ayala, simba wala tai aliyerithiwa na mtu kutoka kwa baba yake. Nembo zilikuja pale kofia za chuma zilipofunika nyuso, rafiki asijulikane na adui ndani ya vumbi. Ndipo kila bwana akapaka ubao wake rangi ili asichinjwe na watu wake mwenyewe. Mwana alichukua rangi za baba kwa sababu wafuasi walikwisha zizoea. Baadaye yakaja mashindano ya mikuki, na wapiga mbiu walioajiriwa kuzikariri rangi hizo na kukataa mlangoni kila asiye na babu. Hapo ndipo ubao ukaanza kujiona mkubwa kuliko aliyeubeba. Lakini yule aliyemzaa babu yenu wa kwanza mwenye ngao, hakuwa na ngao. Hata hivyo alikuwa na mwana. Vinginevyo hakuna hata mmoja wenu ambaye angekuwa ameketi hapa akinywa divai ya marehemu. Nasaba ilitangulia, nembo ikafuata, na kilichofuata hakina uwezo wa kukiua kilichotangulia.

Niliona nyuso mbili au tatu zikiinama, na moyo wangu ukaruka.

Dietz alipiga makofi. "Mabwana, kijana amesema kweli tupu, na mimi nakubaliana naye kila neno. Mtoto huyu na awe kama babu yule wa zamani. Hakuwa na ngao? Vizuri, huyu naye asiwe nayo. Hakuwa na jina la nyumba? Maana majina nayo yalikuja baadaye, sivyo, Msomi?"

"Yalikuja baadaye, lakini—"

"Wala ngome? Ngome zilikuja lini?"

"Hilo silo—"

"Babu yule alilala wapi, Msomi? Tuambie. Wewe umesoma."

"Sijui alilala wapi!"

"Msituni, basi," Dietz alisema kwa upole, akainua kikombe. "Msitu tunao. Tumpe."

Walicheka hadi mmoja akamwaga divai kwenye ndevu. Nilirudi chumbani kwangu. Sijawahi kushindwa katika mjadala tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na nilishindwa kwa hoja zangu mwenyewe, zikiwa zimegeuzwa chini juu.

Februari 13

Jumatano ya Majivu. Bibi na mtoto wamehamishiwa kwenye chumba cha mlinzi wa lango. Sakafu ya udongo, dirisha halina kioo.

Februari 19

Mtoto anakohoa.

Februari 21

Anakohoa.

Februari 26

Nimegombana na Bibi Apollonia. Nitajaribu kuwa mwadilifu.

Nilimkuta na moto mkubwa, nikafurahi, hadi nilipoona kinachowaka. Ulikuwa ule ubao niliouchora tangu Agosti, mti wa nasaba ya Ellrieth pamoja na nembo za mababu, kazi yangu ya miezi yote. Alikuwa ameukata kwa shoka la mlinzi.

"Wamewaka vizuri sana," alisema bila kugeuka. "Mafuta ya rangi."

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Alinisubiri nimalize. Kisha akanieleza kwamba Mchungaji amekuja na masharti ya Dietz. Aungame kanisani kwamba mtoto si wa marehemu mumewe. Akiungama, atapewa ile nyumba ya wajane iliyo chini ya mizabibu, na kuni, na mkate, maisha yake yote, na mtoto atabaki kwake. Asipoungama, yeye ni mjane wa nyumba isiyokuwapo. Atarudi kwa kaka yake ng'ambo ya milima, kwa miguu, katika theluji hii, na kifua kile cha mtoto.

"Hawezi kukushurutisha," nilisema. "Shauri langu liko kwa Bwana wa jimbo. Kufikia Pasaka—"

"Msikilize." Mtoto alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kikubwa kuliko yeye. "Huyu ana Pasaka?"

"Ukitamka uongo huo umeliua jina lake."

"Jina halikohoi, mwanangu."

"Hujui unachokitupa! Vizazi tisa!"

"Nimewaona vizazi tisa. Wamenipa joto la asubuhi moja." Akasukuma kipande ndani kwa mguu. "Wewe unataka kushinda. Mimi nataka kuni."

Nilimwambia hilo ni dhuluma. Nilimwambia kwamba tangu Novemba ni mimi peke yangu niliyesimama, nimetupwa matopeni, nimechekwa na walevi, na kwamba kwa ajili ya haki ya mtoto huyu niko tayari kutoa chochote nilicho nacho.

"Chochote?"

"Chochote."

Alinitazama jinsi alivyomtazama yule ayala aliyepasuliwa.

"Ukitoka funga mlango," alisema. "Baridi."

Machi 3, Jumapili

Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Bibi Apollonia alisimamishwa chini ya mimbari, peku juu ya mawe, shuka jeupe mabegani na mshumaa mkononi. Mtoto alishikwa na Kunigund. Mimi nilikaa mahali pangu, chini ya nembo nilizozipaka kwa mkono wangu, nimekunja mikono. Nilikwisha kuamua kumdharau.

Mchungaji Sebald alisoma ungamo kutoka kwenye karatasi, naye akalifuata neno kwa neno: kwamba mtoto aliyemzaa si wa marehemu Bwana Ernfried von Ellrieth. Nikadhani imekwisha. Lakini Mchungaji alilamba midomo, akamtazama Dietz, akauliza, "Ni wa nani?"

Aliinua vidole viwili vya kiapo.

"Wa Msomi. Jobst Kerner."

Sikuelewa mara moja kwamba hilo ni jina langu.

Kila mtu katika kanisa lile anajua kwamba niliingia bonde hili mwezi Agosti. Mei, mwezi ambao mtoto huyu alitungwa, nilikuwa Tübingen nikitetea tasnifu mbele ya kitivo kizima. Mwendesha gari aliyenileta alikuwa safu ya tatu. Alitazama viatu vyake. Mpishi aliyenikaribisha kwa supu siku ya kwanza, akisema hajawahi kuniona, alikuwapo. Mchungaji aliyeniuliza Septemba nimekuja kutoka wapi, ndiye aliyeshika karatasi. Walikuwa wanajua wote.

"Amina," alisema Dietz.

"Amina," walisema wote.

Nikasimama. Dietz aligeuka kwenye kiti chake, akaweka kiwiko kwenye egemeo, na uso wake ulikuwa na furaha safi ya mtu anayesubiri muziki.

"Msomi, una la kusema? Wewe huwa unalo."

Nilikuwa nalo. Lilikuwa jepesi, barua moja kutoka chuoni ingetosha, pengine hata swali moja kwa mwendesha gari. Hapo ndipo nilipouona mtego mzima, na sina budi kukiri kwamba umejengwa na fundi. Nikithibitisha, Bibi ameapa uongo mbele ya madhabahu, na katika nchi hii waapao uongo hukatwa vidole walivyoinua. Nyumba ya wajane inafungwa. Mtoto anarudi kwenye theluji. Nikinyamaza, kila nilichosema tangu Novemba kuhusu sheria na nasaba kinageuka kelele za mzinzi anayemtetea mwanaharamu wake.

Mtoto alikohoa mikononi mwa Kunigund.

"Sina," nilisema. "Kwa leo."

Machi 4

Dietz ameniagiza niondoke kabla ya Jumapili. Atanipa punda. Ameandikia kitivo changu.

Mpishi ameninyima supu na kuniita mchafu. Nilimuuliza kama kweli anaamini. "Ningeamini nisingeamini, nimesema amina," alijibu. "Unataka nirudi kusema nini?"

Machi 5

Nilikwenda kwenye nyumba ya wajane. Moshi unatoka. Ukutani kuna rundo la kuni kavu hadi kwenye paa. Alinifungulia mlango nusu.

"Ulisema chochote," alisema, kabla sijafungua mdomo.

"Nilimaanisha elimu yangu. Muda wangu. Nguvu zangu."

"Hivyo sikuvihitaji."

"Ungeniambia kwanza."

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Ningemletea vifungu vya sheria.

"Nani alilichagua jina langu, wewe au yeye?"

"Yeye alitaka mwendesha gari. Ana mke na watoto watano, wangefukuzwa wote." Alisogeza shali. Miguu yake ilikuwa bado na mipasuko ya mawe ya kanisa. "Wewe una miguu mizuri na Kilatini. Utaishi."

Ndani mtoto alikuwa analala. Nilisikiliza kwa muda. Hakukohoa.

"Naweza kumwona?"

"Usije hapa tena," alisema. "Watu watasema."

Akafunga.

Nimetembea juu ya mizabibu hadi giza, nikiwa na hasira naye. Sijapata kukutana na mtu mkatili kama yeye, na sijui mwingine katika bonde hili niwezaye kumwita mwaminifu.

Machi 7

Nimeliona kosa langu. Nilikuwa nimeketi na yule punda.

Kwa miezi yote hii nimepigana juu ya mtoto ni wa nani, nao wakanifuata huko kwa sababu huko ndiko wanakoweza kununua kiapo. Lakini dai langu la Novemba halikumtaja baba. Linahusu tumbo ambalo halijafunguka, na watu waliovunja ngao bila kujua lina nini. Liko pale pale hata kama mimi ni mzinzi, hata kama mtoto ni wa mpiga mbiu. Naweza kulitetea bila kugusa kidole hata kimoja cha Bibi Apollonia. Siondoki kabla ya Jumapili.

Nimebandika karatasi hii kwenye mlango wa kanisa, kwa lugha ya watu, si Kilatini. Nainakili hapa:

Kwa Bwana Dietz von Kaltenbrunn, kwa Mchungaji Sebald Rust, na kwa makabaila wote wa bonde la Ellrieth.

Neno lililosemwa juu yangu siku ya Jumapili silikani. Liacheni lilivyo. Nauliza jingine. Tarehe kumi na nne Novemba mlivunja ngao ya nyumba hii na kutangaza kwamba jina lake limekoma. Siku mbili kabla yake, mjane alikuwa amewaambia mezani kwamba ana mimba. Hapakuwa na ungamo wakati huo, wala tuhuma, wala mtu aliyenitaja. Msinijibu kwa dhambi yangu, hamkuwa mkiijua. Msinijibu kwa mtoto, hamkuwa mmemwona. Nijibuni kwa sheria: ni haki gani iliyowaruhusu kuuzika ukoo ilhali hamjui ni nani aliye njiani? Na kama haki hiyo mlikuwa nayo, na nyumba ilikuwa imekufa kweli chini ya buti siku ile, kwa nini mlihitaji mwanamke asimame peku juu ya mawe mwezi Machi ili nyumba hiyo ife tena?

Jumapili baada ya ibada nitakuwa kwenye ngazi za kanisa. Msinitumie Mchungaji, msinitumie punda, msinijibu kwa kicheko. Njooni ninyi wenyewe mliosema amina, mnijibu kwa sauti, mbele ya watu wale wale.